Mkwe Hatajwi

Bwana Shamba aliteremka bondeni katika kijiji cha Yakobi akiwa ameshakasirika, na mtu anayetoka na hasira zake nyumbani hakosi pa kuziweka. Alikuwa kijana wa Kiingereza, shingo imemwiva kwa jua, mgeni wa miezi michache tu Njombe. Alisimama ukingoni mwa kinyungu, lile shamba la bondeni ambalo Wabena hulilima kiangazi, wakichimba mifereji ya kupunguza maji na kuinua matuta katikati, ili ghala zikiwa tupu kabla ya masika watoto wapate mahindi mabichi na maharage. Kilikuwa kinyungu kizuri. Mahindi yalikuwa yamefika kiunoni na maharage yanatoa maua. Mlimani kote nyasi zilikuwa zimekauka na kuungua, kwa hiyo ubichi ule ulionekana tangu barabarani, na hilo ndilo lililokiponza.

Sheria mpya ilikuwa imesomwa tangu Pasaka. Hakuna kulima bondeni, hakuna kulima kandokando ya mto, maana vijito vinakauka na udongo unakwenda na maji. Sibishi kwamba udongo ulikuwa unakwenda. Mwenye macho aliuona mto ulivyokuwa mwekundu kila masika. Lakini juu kule walowezi walikuwa wamefyeka milima ambayo mtu angetembea asubuhi nzima asiimalize, wakapanda miti ya miwati, nayo miwati hunywa maji kama kiumbe kingine chochote. Miwati haikuitwa barazani. Walioitwa ni watu, wanaume upande wa juu, wanawake upande wa chini, upepo wa Oktoba ukiwapiga wote sawasawa.

"Kinyungu hiki cha nani?" Bwana Shamba aliuliza.

Watu wakatazama mahindi.

"Jumbe. Cha nani?"

Jumbe Filemoni alikuwa amesimama na koti lake alilorudi nalo kutoka vita vya Hitla, kofia mkononi. Kinyungu kile alikijua kama anavyoujua uwanja wake. Kilikuwa cha kaka yake, marehemu Gideoni, na sasa kilikuwa mikononi mwa mjane wa Gideoni, Hulda, ambaye alikuwa palepale kati ya wanawake. Lakini jumbe alikuwa ameonywa Bomani: kinyungu kikionekana tena katika eneo lake, ujumbe ataurudisha. Basi akaitazama kofia yake.

"Bwana, naulizia," alisema.

"Unaulizia wapi? Watu wote si hawa hapa?"

Ndipo mwanamume mmoja akatoka kundini, mrefu, ana matope makavu mpaka magotini. "Nimelima mimi, Bwana."

Huyo alikuwa Dionis, mume wa Priska binti Hulda. Kwao ni Upangwa, ng'ambo ya milima, kwenye misheni ya mapadri. Alifika Yakobi mwaka wa njaa akitafuta kazi. Waswahili wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Marehemu Gideoni alimpa jembe siku ileile ya kwanza, na baadaye akampa na binti. Mahari ilipokelewa, ugimbi ukanywewa kwa kificho mchungaji asijue, na aliyesimama kuipokea mahari hiyo alikuwa Filemoni huyuhuyu mwenye kofia. Cheti cha kanisa ndicho hawakukipata. Mchungaji wa Kilutheri alitaka Dionis aache kwanza mambo ya padri, padri naye alitaka Priska aache mambo ya mchungaji, na wakubwa hao walipokuwa wanavutana mtoto akazaliwa.

"Mtu wa hapa?" Bwana Shamba alimuuliza.

"Naishi hapa, Bwana."

"Sikuuliza unaishi wapi. Kwenu wapi?"

"Upangwa."

Uso wa Bwana Shamba ukachangamka. Maana ilikuwako amri nyingine, pacha wa ile ya mabonde: mgeni yeyote asiye na mwenyeji wa kumjibia aondolewe wilayani. Bomani waliamini kwamba wageni ndio wanaoimaliza ardhi. Mwenyeji huitunza, walisema, mgeni hukamua akaenda zake. Yeye Bwana Shamba alikuwa ametoka ng'ambo ya bahari, na sijasikia kwamba kuna siku aliulizwa mwenyeji wake ni nani.

"Mwenyeji wako nani?"

"Marehemu Gideoni. Nimeoa kwake."

"Marehemu hajibu. Aliye hai nani?"

Dionis akainamisha kichwa.

Hapa lazima niseme jambo ambalo mtu wa Yakobi wa siku zile hakuhitaji kuambiwa. Mwanamume na mama mkwe wake hawakutani. Hawatajani majina, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Wakikaribiana njiani, mwanamume huingia majanini akageuza mgongo mpaka mama apite, na mama naye hujifunika. Si chuki hata kidogo. Ni heshima nzito kupita zote, na kadiri mtu anavyomthamini mkwewe ndivyo anavyomkimbia. Tangu aoe, Dionis alikuwa amemjengea Hulda ghala, amemwezekea nyumba, anamtupia kuni uani kabla hajaamka. Hulda naye alimpikia kila siku, Priska ndiye akipeleka chakula. Usoni hawakuwahi kuonana hata mara moja.

"Ni mume wangu," Priska alisema, mtoto mgongoni.

"Cheti kiko wapi?"

"Hatuna cheti, Bwana."

"Kila baraza nakuta wanawake wenye waume wasio na vyeti," alisema Bwana Shamba, na wanaume wawili watatu wakacheka, kile kicheko cha kumpendeza mkubwa.

"Muulize mama yangu. Yule pale."

Bwana Shamba akashuka mpaka kwa wanawake. Alikuwa na haraka, lakini tuseme haki, alijaribu kuuliza vizuri. "Mama, mtu huyu ni nani? Mtazame, umtaje jina lake. Ukisema ni wako nitasikia."

Hulda akaivuta kaniki yake ikamfunika uso, akageuka akampa mgongo. Upande wa pili Dionis naye alikuwa ameshageuka, anatazama mto.

Watu wote wakashusha pumzi. Kwao kesi ilikuwa imekwisha. Hakuna cheti cha padri wala cha mchungaji kinachosema wazi kuliko migongo miwili ile, na haikuwajia akilini kwamba duniani yupo mtu mzima asiyeelewa maana yake. Wengine walikuwa wameanza hata kujikung'uta vumbi waende zao.

"Mama huyu hamjui," Bwana Shamba alisema. "Hata kumtazama hataki. Askari, mchukueni."

Macho yote yakamwendea Filemoni. Yeye ndiye msemaji wao mbele ya serikali, neno lilikuwa lake. Filemoni akafungua mdomo, akaufunga, akavaa kofia.

"Ndiyo, Bwana," alisema.

*

Jioni ile Hulda alikuwa jikoni anapepeta ulezi uliokwisha kupepetwa. Priska alisimama mlangoni akimbembeleza mtoto, na kila aliponyamaza kumbembeleza alikuwa na neno la kumwambia mama yake.

"Ungesema neno moja tu, mama."

"Nimesema."

"Umesema nini? Umegeuka."

"Kugeuka ndiko kusema. Ulitaka nimkodolee macho mkwe wangu mbele ya kadamnasi? Si afadhali ningemvua nguo."

"Mzungu hajui mambo ya kugeuka."

"Filemoni anajua."

Hapo Filemoni mwenyewe akaingia uani. Alikuja bila kofia. Alisema kamwene, akaitikiwa kamwene, akavuta kigoda akakaa karibu na moto kama mtu wa nyumbani, ndivyo alivyo.

"Shemeji, najua umenikasirikia."

"Sijakukasirikia. Nimekushangaa."

"Sikia kwanza. Nikisema ni mkwe wako, basi kinyungu ni chako. Kinyungu kikiwa chako, unalala lokapu Njombe mwezi mzima, mjane wa mtu, pamoja na walevi. Na wanakuja kuking'oa, hawaachi hata jani la haragwe. Sasa wameondoka na yeye, kinyungu hawajakigusa. Bwana Shamba amesema mwenye kosa ameshapatikana, mazao haya yavunwe, mwakani wasione tena. Nimekuokoa, shemeji."

"Na ujumbe wako?"

Filemoni akakohoa. "Nao umebaki, nisikudanganye."

"Yeye je, wanampeleka wapi?"

"Watampa achague. Jela au mkonge. Atachagua mkonge, nani anachagua jela? Mkonge si kifo. Watu wanakwenda Tanga wanarudi na mablanketi, wanarudi na baiskeli."

"Wengine hawarudi."

"Wengine wakienda sokoni hawarudi vilevile."

Priska alitoka nje na mtoto wake. Walimsikia anapenga kamasi nyuma ya ukuta. Hulda aliweka ungo chini.

"Shemeji, twende wote Bomani kesho. Useme kile ambacho hukusema leo. Lokapu nitakaa mimi, wewe hutakaa."

Filemoni aliutazama moto. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amemzika kaka yake kwa heshima na kila mavuno alimletea mjane sehemu yake. Lakini alikuwa ameonja kuitwa jumbe, na utamu wa kuitwa hivyo haumwachi mtu upesi.

"Siendi, shemeji," alisema, akainuka. "Kuleni mahindi hayo. Yamelimwa vizuri."

Alipokwisha kwenda, Priska alirudi ndani akamkuta mama yake anafunga mkaja kiunoni, kama anayejiandaa kwa safari, na hata usiku ulikuwa haujaingia bado.

"Nitakwenda mwenyewe," Hulda alisema.

"Ukasema nini?"

"Nitamtaja."

Priska, aliyekuwa amelitaka jambo hilo tangu mchana, sasa akaingiwa na hofu. "Jina lake?"

"Jina lake. Kwani ana lingine?"

*

Njiani kwenda Njombe alijaribu kulitamka. Hapakuwa na mtu, ukungu wa asubuhi ulikuwa bado umelala barabarani, hata hivyo jina lilimkwama kooni. Alikuwa hajalitia kinywani tangu siku posa ilipoletwa. Alipotaka kumsema alisema "yeye" au "baba wa mtoto", na watu walielewa. Alifika mjini akiwa amelitamka mara moja tu, na sauti ikatoka ndogo.

Bomani walimkalisha kwenye benchi la nje pamoja na wazee waliokuja kwa mashauri yao. Jua lilipanda. Tarishi aliyevaa kaptula ya kaki iliyopigwa pasi aliingia na kutoka, anaruka miguu ya watu kana kwamba ni magogo. Mwishowe alisimama mbele yake.

"Na wewe bibi?"

"Nimekuja kwa ajili ya mtu aliyechukuliwa jana Yakobi."

"Mtu gani?"

"Mume wa mwanangu."

"Mume wa mwanao hana jina?"

Benchi zima lilikuwa linasikiliza. Hulda aliiangalia mikono yake. "Dionis," alisema.

Bibi kizee aliyekaa karibu naye akakusanya nguo zake akasogea mbali kidogo. Mzee mmoja alitikisa kichwa akatema mate pembeni, akayafunika kwa mguu. Hulda aliona aibu ikimpanda mpaka masikioni, akabaki ameketi wima.

"Aa, yule wa kinyungu," tarishi alisema. "Amechukuliwa na lori jana ileile, yuko Makambako kwenye kambi ya watu wa mkonge. Amekwenda kwa hiari yake." Neno hiari lilimchekesha mwenyewe. "Bwana Shauri, mkubwa wa Boma, hawezi kukuona leo, wala kesho. Mwenye watu ni karani wa kambi. Na ukienda, nenda leo, malori ya kuwapeleka relini hayamngoji mtu."

*

Alipanda juu ya magunia ya ngano katika lori la Mhindi mmoja, baada ya kumbembeleza dereva na kumwachia ulezi aliobeba kwa ajili ya chakula. Makambako hapakuwa mji siku hizo. Palikuwa njia panda, na vumbi, na maduka machache ya bati, na upepo usiopumzika. Kambi ilikuwa mabanda mawili marefu. Wanaume walikaa chini kwa mistari, kila mmoja na blanketi jipya begani, Wabena, Wakinga, Wapangwa, Wawanji, na wote blanketi liliwafanya wafanane. Lori lilikuwa limeshasimama karibu, dereva anatia maji.

Karani wa kambi aliitwa Filbert. Alikuwa Mbena, kijana wa misheni, ana kalamu sikioni na uso wa mtu asiyelala vya kutosha. Hulda alianza kumweleza kutoka mwanzo, kutoka kwenye kinyungu, na karani alimwacha aseme mpaka alipofika kwenye kujifunika kaniki.

"Basi, mama yangu. Nimekuelewa."

"Umeelewa?"

"Mimi si Mzungu. Nina mkwe wangu Uwemba ambaye sura yake siijui." Aliitazama veranda, ambako mkubwa wake wa Kizungu alikuwa amekaa anakunywa chai. "Sikiliza. Nitamleta hapa mbele yako. Haya ya mkwe haiigizwi. Akikuona akageuka, mimi nimeshapata ushahidi, nitamwambia yule pale mtu huyu ana mwenyeji, na atarudi nawe leo hii. Lakini nikiandika ana mwenyeji, lazima niandike na kinyungu ni cha nani. Habari itakwenda Bomani. Watakuja kukuchukua."

"Andika."

"Lokapu ya Njombe ina baridi, mama. Na mazao watang'oa."

"Andika, mwanangu."

Filbert akaenda mistarini. Dionis alikuwa amekaa mwishoni, blanketi lake amelikunja vizuri magotini kana kwamba si lake. Karani alichutama karibu naye ili wengine wasisikie.

"Mkweo amekuja."

Dionis hakuelewa mara moja. "Nani?"

"Mama wa mkeo. Yuko pale nje. Amekutaja jina."

Dionis akafunika uso kwa viganja. "Amenitaja mbele ya nani?"

"Mbele yangu. Na Bomani, mbele ya wazee wa benchi."

"Mama yule," Dionis alisema. "Mama yule ametembea na jina langu mdomoni mpaka Bomani."

Filbert alikuwa mtu mkweli, na pengine siku ile ukweli wake ungeweza kupunguzwa kidogo. Alimweleza yote. Alimwambia kwamba akimkubali mama huyu atarudi Yakobi, na kwamba mama atafungwa kwa ajili ya kinyungu, na kinyungu kitang'olewa.

"Mwezi mzima?"

"Au zaidi. Jumbe naye ataulizwa kwa nini alinyamaza, na jumbe akiulizwa atamtupia yeye lawama."

"Ana kifua," Dionis alisema. "Baridi ya mwezi wa saba ilitaka kumwondoa. Namsikia anavyokohoa ng'ambo ya ukuta." Alilipapasa blanketi. "Na mahindi yakiondoka, mtoto atakula nini mpaka masika? Ghala nililifagia mwenyewe."

"Sijui."

"Na nikisema simjui?"

Filbert akasimama. "Hilo usiniulize mimi. Mimi nitatazama tu."

Huku nje Hulda alisikia hatua za watu wawili zikija nyuma yake, na mwili ukafanya ulichozoea. Akageuka kuelekea barabarani, kaniki usoni. Hatua zikasimama.

"Mama," sauti ya Filbert ilisema, "nimemleta. Mtaje."

Wanaume kwenye mistari waligeuza vichwa. Mkubwa wa kambi aliweka kikombe chini. Hulda akavuta pumzi, na safari hii sauti haikumpotea.

"Dionis," alisema. "Ni mkwe wangu. Ni mume wa Priska na baba wa mjukuu wangu. Kinyungu ni changu, yeye alinilimia tu."

Akangoja. Alikuwa anangoja kusikia nyayo zikigeuka mchangani, sauti aliyoijua vizuri, kwa kuwa ndiyo iliyomwambia kila asubuhi kwamba mkwewe amepita. Hakuisikia. Alisikia nyayo zikitembea, zikamzunguka, zikaja zikasimama mbele yake. Mkono haukumgusa. Lakini mtu alikuwa amesimama pale karibu mno, haondoki, mpaka Hulda akaona hana budi, akateremsha kaniki.

Dionis alikuwa anamtazama usoni. Hakupepesa macho wala hakuinamisha kichwa. Alimtazama kama mtu anavyomtazama muuzaji sokoni.

"Simjui mama huyu," alisema. "Sijapata kumwona."

Kwenye mistari watu wakaguna. Mbena mmoja alimwita mshenzi. Mwingine akasema Wapangwa ndivyo walivyo, hawana haya, na wenzake wakaitikia.

"Ni uongo," Hulda alisema. "Nimemtaja. Mwanangu, si umenisikia nimemtaja?"

"Nimekusikia, mama." Filbert alikuwa anaongea polepole, na hakuweza kumtazama yeyote kati yao. "Umemtaja. Lakini mkwe gani anakutazama hivi? Hata nikimwandika, hawa wote wameona. Yule kwenye veranda ameona. Niseme nini?"

Hulda alitaka kusema mengi. Alitaka kumpiga yule mwanamume kofi, na kumshika asiondoke, na kupiga magoti. Badala yake alibaki amesimama anamtazama, kwa kuwa naye alikuwa hajapata kumwona. Alikuwa kijana kuliko alivyodhani. Alikuwa na kovu dogo juu ya nyusi ambalo Priska hakuwahi kumweleza. Midomo ilikuwa inamtetemeka, lakini macho hakuyaondoa, aliyashikilia hapo kwa nguvu zote, mpaka karani alipomwambia arudi mstarini.

Lori liliondoka vumbi likitimka. Wanaume walisimama nyuma wameshikana, wengi wanatazama walikotoka, wengine wanapunga mkono kwa watu wasiowajua. Dionis peke yake alikuwa ameelekea mbele. Lilipopita mbele ya Hulda alikuwa amempa mgongo, na mpaka linapotea kwenye kona hakugeuka.

*

Priska alikuwa kinyunguni anapalilia maharage, mtoto amelala kwenye kivuli cha mahindi. Alimwona mama yake anateremka peke yake, akangoja mpaka afike.

"Hukumkuta?"

"Nimemkuta."

"Hukumtaja?"

"Nimemtaja, mbele za watu wote."

"Sasa mbona huna naye?"

Hulda aliinama akamwinua mtoto, akampangusa vumbi, akamtazama. Mtoto akaamka, akayafumbua macho, akatulia anamtazama bibi yake.

"Watu husema macho haya ni ya babu yake," Hulda alisema. "Na mimi siku zote nimekubali kwamba ni ya Gideoni. Kumbe ni ya baba yake."

Priska alikuwa karibu kumjibu kwamba hilo mbona analijua. Kisha akafikiri mama yake amelijuaje, na jembe likamtoka mkononi. Mwanamke yeyote wa Yakobi angeelewa. Mkwe hawezi kumtazama mama wa mkewe ila awe ameukana ukwe wenyewe, na Dionis si mtu wa kuukana kwa sababu ya blanketi.

"Alijua habari ya lokapu?" aliuliza.

"Alijua. Karani alimwambia."

"Na ya mahindi?"

"Yote alijua." Hulda aliketi juu ya tuta, mtoto mapajani. "Amenitazama, mwanangu. Amenitazama hivi, mimi mama yake," alisema, na akalia kwa sauti, kilio cha msibani, hata watu waliokuwa mlimani wakasimama kusikiliza ni nani amefariki.

Mahindi yalikomaa mapema mwaka ule, punje zimejaa mpaka ncha. Walikula, kwa kuwa mtoto alikuwa na njaa.